Yule wa Njano, Mstari wa Nyuma

Maji ya wanga yakirushwa juu ya kanzu na pasi ya moto ikapita, hutoka harufu ambayo watu wengi huiita ya usafi. Mimi ikinifika puani huwasikia wasichana wa Kijapani wakiimba. Sina namna ya kulieleza jambo hili kazini bila ya kuchekwa, kwa hivyo silielezi.

Juzi nimerudi kutoka ofisini viatu mkononi, miguu imevimba, nia yangu ni kumtazama Mama kisha nijitupe kitandani. Mama alipigwa na kiharusi mwaka jana, na anayemgeuza, kumwosha na kumlisha ni Zaituni, mwanamke wa Kiganda mwenye maneno machache. Nilipopita mlango wa chumba cha kupigia pasi, harufu ile ikanidaka. Zaituni alikuwa akinyoosha kanzu, na chini ya meza yake, miguu imekunjwa, alikaa Thuraya, binti wa kaka yangu. Wao wanakaa ghorofa ya juu, lakini mtoto akitoka skuli hushukia kwetu na tableti yake na haonekani tena mpaka magharibi.

"Shangazi, nisaidie," akasema bila ya kunyanyua kichwa. "Wote wapya hawa. Nimfuate nani?"

Nikakaa sakafuni kwa tabu, magoti yakilia. Akanionyesha kundi la wasichana saba waliotoka mji mmoja mdogo wa baridi, wanaocheza huku mvuke ukiwatoka kinywani. Kisha watatu waliovaa sare za makondakta wa treni. Kisha mmoja peke yake, gitaa kubwa kuliko kifua chake, akiimba kwenye ukumbi wa duka, watu wakipita na mifuko ya mboga bila ya kumtazama.

Hawa wanaochipukia ndio ugonjwa wangu. Waliokwishafika juu hawanishughulishi. Mtu akishajaza viwanja ana haja gani na mimi wa Maskati? Nawapenda wanaogawa vikaratasi mlangoni wenyewe kabla ya kupanda jukwaani. Nimewafuata tangu nilipokuwa umri wa Thuraya, nimewaona wakipanda, wakichoka, wakiondoka, na nimejua kupima. Nikamwambia wa gitaa sauti yake ni ya kweli, amfuate. Wa treni wanachekesha lakini nyimbo zao zote ni moja. Hao saba wazuri, ila asimtazame wa katikati.

"Kwa nini? Wa katikati ndiye mzuri."

"Wa katikati kila mtu anamtazama. Wewe tazama mstari wa nyuma."

"Nani kakufundisha?"

Nikamwambia nimefundishwa chumba hiki hiki. Kisha nikaenda chumbani kwangu, na badala ya kulala nikafungua mtoto wa meza wa chini kabisa, nikatoa kijiti cha taa cha plastiki ambacho sikukigusa miaka mingi.

Wakati ule wa utoto wangu aliyekuwa kitandani ni Bibi, mama yake Baba. Alianguka msalani akavunjika nyonga, na tangu hapo akawa ni wa kugeuzwa kila baada ya saa chache ili asipate vidonda. Mama alikuwa akifanya kazi wizarani. Baba alikuwa safarini nusu ya mwezi. Aliyeletwa kumgeuza Bibi alikuwa Prossy, naye pia Mganda.

Prossy alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Kiswahili chake kilimtia Bibi wazimu. "Ati 'maji iko wapi'," Bibi akilalamika. "Maji hayako popote, mwanangu, maji *yapo*!" Na Prossy akijibu, "Ndiyo, Mama Kubwa, maji iko," na wote wawili wakacheka mpaka kitanda kikatikisika. Mimi akiniita *nyabo*, neno la kwao la kumwita mwanamke mzima kwa heshima, na kwa mtoto wa miaka kumi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Mchana baada ya chakula nyumba nzima ililala. Mtaa wetu wote, Madinat Sultan Qaboos, ulilala, mapazia yamefungwa, viyoyozi vinanguruma, hata paka hawapiti barabarani. Mimi usingizi wa mchana sikuupata kamwe. Nikaingia chumba cha pasi, nikakaa chini ya meza na tableti yangu, na miguu ya Prossy ikawa inasogea mbele yangu kulia na kushoto.

Wasichana nilikuwa nimewapata kwa njia ya katuni, kama wengi wa rika langu. Tulilelewa na katuni za Kijapani zilizotiwa Kiarabu fasaha, na baadaye mtandaoni nikagundua kwamba zile nyimbo za mwanzo zina wenyewe, na wenyewe ni wasichana wenye sketi zinazofanana. Kundi nililolishika lilikuwa jipya, wanagenzi watupu. Sikujua neno moja la lugha yao. Majina yao sikuyaweza, nikawaita kwa rangi, kwa sababu kila msichana ana rangi yake, na anayempenda huinyanyua taa ya rangi hiyo. Ndiyo desturi yao. Huwezi kuwapenda wote sawasawa. Lazima uwe na wa kwako.

Wa kwangu alikuwa Mwekundu, wa katikati. Nilimwuliza Prossy wa kwake ni yupi. Akaweka pasi pembeni, akainama, akatazama muda mrefu.

"Huyu," akasema, na kidole kikaenda pembeni kabisa, mstari wa nyuma, kwa msichana aliyekatwa nusu na ukingo wa picha. Wa njano.

"Huyo haimbi hata."

"Anafanya kazi. Angalia magoti." Kweli magotini kulikuwa na plasta mbili. "Hawa wengine wanacheka kwa kamera. Huyu kamera haiko kwake, bado anacheka. *Banange*, hawa watoto wanalala saa ngapi?"

Sikupendezwa. Mimi nilikuwa naona mapambo na taa, yeye anaona plasta. Lakini tangu siku hiyo macho yangu yakaharibika, au yakapona, sijui. Kila nikitazama jukwaa namtafuta aliyechoka.

Tukawa na mchezo wetu. Mimi nikimsomea habari zao, zile zilizotafsiriwa na mashabiki kwa Kiarabu, na yeye akitoa hukumu. Nikamwambia wasichana hawaruhusiwi kuwa na wachumba. Akacheka, kiganja mdomoni. "Hata wao? Kumbe madam wao na wangu ni dada." Nikamwambia wanakaa nyumba moja, mbali na makwao. Akaacha kucheka, akarusha maji ya wanga, akasema, "Ndiyo, hivyo hivyo."

Kijiti cha taa nilinunuliwa Hamriya, dukani kwa Mhindi mmoja wa vitu vya kuchezea, siku za Idi. Hakikuwa cha asili, bali ukikibonyeza kilibadilisha rangi: nyekundu, buluu, kijani, njano. Nikawa nabonyeza mara moja kwa ajili yangu na mara nne kwa ajili ya Prossy.

Sasa nifike kwenye kuhitimu, maana ndiko kulikoniponza.

Msichana wa kundi hafukuzwi wala haachi kazi. Anahitimu. Na habari ya kuhitimu kwake hufichwa kabisa, hata wenzake pengine hawaijui, mpaka siku ya tamasha. Nyimbo zimekwisha, watu wanadhani wanaagwa kama kawaida, ndipo anapotoka mbele, akainama, akasema: nina jambo la kuwaambieni. Watu wanapiga ukelele. Wanalia. Kisha ukumbi mzima unageuza taa kuwa za rangi yake, na mkuu wao anampa maua. Nilikuwa nimeona kuhitimu kama kumi, na kwangu halikuwepo jambo zuri zaidi ambalo binadamu anaweza kufanyiwa.

Siku moja tulikuwa tukitazama kuhitimu kwa msichana wa zambarau. Nilipogeuka, Prossy alikuwa akilia. Nikamweleza kwamba ni jambo la furaha.

"Na boss wake anakubali?"

"Anakubali. Si unaona maua?"

Akajifuta kwa pindo la aproni. Akatazama mlango. Kisha akachutama, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Nikuambie, nyabo. Mama yangu iko kitandani, kama Mama Kubwa. Huko Masaka. Mimi nageuza mama ya watu hapa. Yeye nani anamgeuza? Jirani. Jirani anachoka. Mwezi ujao napewa likizo, miezi miwili. Madam anajua narudi. Mimi sirudi. Khalas. Na mimi nahitimu." Akacheka kidogo, akaniwekea kidole mdomoni. "Usiseme."

Mtoto mwengine angelielewa neno hilo. Mimi nililielewa kama shabiki. Usiseme, maana siku ya jukwaa haijafika. Kwangu ilikuwa ndiyo desturi yenyewe: siri hufichwa ili ije kutolewa mbele ya watu, na mwenye kuitoa vizuri humpa mwenziwe heshima. Nikaibeba wiki tatu nzima bila ya kuivujisha hata kwa mto wangu, na nilijiona mwaminifu kupita kiasi.

Ijumaa ya mwisho kabla ya safari yake walikuja ami zangu na wake zao kwa chakula cha mchana. Bibi alitolewa kwa kiti cha magurudumu. Wali ukaliwa, sinia zikaondoka, watu wakaegemea mito, na Prossy akaingia na halua na birika la kahawa. Nilikuwa nimejifunga kanga ya njano ya Bibi mabegani. Nikapanda kwenye kidato cha mlango wa majlisi, nikainama mpaka kiunoni kama nilivyoona, nikanyanyua kijiti kikiwaka njano.

"Nina jambo la kuwaambieni!"

Ami mmoja akapiga makofi. "Haya, sema bibie!"

"Prossy anahitimu! Anakwenda kwao kumgeuza mamake, na harudi tena! Tumpigie makofi!"

Wakapiga. Walicheka na wakapiga makofi kweli, na kwa muda mfupi nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena. Nilimtazama Prossy nione analia. Hakulia. Alikuwa amesimama na birika, na kahawa ilikuwa ikimiminika kikombeni, ikajaa, ikafurika, ikamwagika juu ya vidole vyake, naye hakuondoa mkono.

"Harudi?" Mama aliuliza taratibu. "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Mwenyewe."

Kinywa changu kikamponza mwenzangu, na hata hapo sikujua. Nilibakia juu ya kidato nikingoja maua.

Likizo ilisogezwa mbele. Hakukuwa na kelele. Kwetu mambo hayafanywi kwa kelele. Mama alisema tu kwamba safari itangoja mpaka apatikane mwengine, na pasipoti ya Prossy, ambayo siku zote ilikuwa kabatini kwa Baba, iliendelea kuwa kabatini kwa Baba. Niliwasikia ukumbini, Mama na Bibi, siku ya pili yake.

"Mwache mtoto wa watu ende kwa mamake," Bibi alisema. "Mie nnao watano niliowazaa. Mamake yeye ana yeye tu."

"Na hao watano, Bibi, nani atakayekugeuza? Mtaje mmoja."

Siwezi kumfanya Mama kuwa mtu mbaya katika hadithi hii, ingawa ingelinipunguzia mzigo. Alikuwa akiamka alfajiri na kurudi jioni, uso wake umelegea kama nguo iliyokamuliwa. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushikilia kilichopo mkononi. Najua hilo sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba mkuu wetu sisi hakutoa maua.

Prossy hakunigombeza. Ningetamani angenigombeza. Aliendelea kunyoosha, na mimi nikaendelea kukaa chini ya meza, lakini hakuinama tena kutazama. Ndani ya miezi ile yule wa njano naye akahitimu. Hakuwahi kusogezwa mstari wa mbele hata mara moja. Akapewa gauni la rangi yake na wimbo mmoja wa kuimba peke yake, na sauti yake, kumbe, ilikuwa nzuri kuliko ya wote. Nilisema, "Prossy, tazama, wa kwako!" Akapita na rundo la mashuka, akasimama kidogo mlangoni.

"Boss wake amekubali," akasema, akaenda zake.

Halafu ukaja mchana mmoja wa Ramadhani. Nilifungua mlango wa chumba cha pasi nikamkuta ameiegemeza simu kwenye chupa ya wanga. Kwenye kioo watu walikuwa wamesimama baina ya migomba, mvua inanyesha, wanaimba wimbo wa kanisani, na picha ikatikisika kwa sababu aliyeishika alikuwa analia. Sanduku la maiti lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani masanduku huwa. Prossy alikuwa amesimama wima, pasi mkononi, mkono umetulia juu ya kanzu ya Baba. Moshi ukaanza kutoka. Mama akaja mbio kwa harufu, akaona kanzu, akaona simu, akachomoa waya ukutani, akarudi alikotoka.

Nilimwambia Prossy pole. Akasema, "Asante, nyabo," sauti ile ile aliyoitumia akipewa kikombe cha chai.

Wiki mbili baadaye akapewa safari, haraka haraka, wakati hakuna tena wa kumwahi. Nilikuwa skuli. Nilirudi nikakuta sare zangu za wiki nzima zimetundikwa, zimenyooshwa mpaka mikunjo inakata, na juu ya meza ya pasi kijiti changu cha taa, ambacho siku ile ya Ijumaa nilimpa kiwe zawadi. Alikuwa amekitoa betri. Zilikuwa mbili, zimelazwa kando yake sambamba.

Nililia sana kwa ajili ya betri zile. Nilidhani amekiua kwa makusudi, ameniambia hanisamehe. Miaka ikapita mpaka nikawa na nyumba ya kuendesha na vitu vya kutunza, ndipo nikajua kwamba kitu kitakachokaa muda mrefu bila ya kutumika hutolewa betri, zisije zikavuja zikakiharibu. Nimejaribu kumtafuta mtandaoni nimwambie kwamba hakikuharibika. Lakini kina Prossy ni wengi Uganda, na jina la baba yake sikuwahi kumwuliza.

Nilikuwa nimekaa kitandani na kijiti mapajani Thuraya alipoingia bila ya kubisha, akakiona, akakimbia, akarudi na betri za rimoti. Akabonyeza. Nyekundu ikawaka kama siku ya kwanza. Akabonyeza tena na tena, akafurahi.

"Nimefanya ulivyoniambia, Shangazi. Katika wale saba nimetazama mstari wa nyuma. Zaituni naye amechagua. Yule wa kijani, wa mwisho kabisa."

"Amechagua vizuri."

"Na kaniambia siri. Ya likizo yake." Akanisogelea, macho yanang'aa. Niliyajua macho hayo. "Ila kaniambia nisiseme."

Likizo ya Zaituni ni mwezi ujao. Tikiti nimeikata mimi mwenyewe kwa simu yangu, ya kwenda na kurudi, na nilipoikata niliulizwa na akili yangu kama nina hakika na hiyo ya kurudi, nikaikemea. Mimi ndiye ninayefika saa kumi viatu mkononi. Kaka yangu yuko juu, lakini ukiulizwa nani atamgeuza Mama, mtaje yeye uone. Swali moja tu kwa mtoto yule lingenipa muda wa kujipanga, wa kuongea na Zaituni, wa kusogeza safari yake mbele. Lilinifika kwenye ulimi, na nilikuwa nimechoka, wallahi nilikuwa nimechoka.

"Basi usiseme," nikasema.

"Hata kwako?"

"Hata kwangu. Hata mbele ya watu, hata wakipiga makofi. Umenisikia?"

Akanitazama kama mtu aliyenyimwa jukwaa, akaitika. Chumba cha pili Mama alianza kugonga ukingo wa kitanda kwa pete yake, anavyofanya akitaka kugeuzwa. Nikasikia pasi ikisimamishwa na kandambili za Zaituni zikija ukumbini. Nikatoka nikamkuta mlangoni kwa Mama.

"Zaituni," nikamwambia, "leo nitamgeuza mimi. Nifundishe."

Akanitazama muda mrefu, kisha akamtazama Thuraya nyuma yangu, ambaye alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Halafu akanipisha nitangulie.

"Anza na bega," akasema.